Karibu, Si Pale Pale

Jiwe limeletwa asubuhi, limefunikwa nta,
refu kama shubiri, nene kama kopo la soda.
Limekatwa mita elfu nne na mia tano chini ya mizabibu
ya Bi Graciane Lahourcade,
ambaye hajaliona kamwe
ingawa amelala juu yake miaka hamsini.

Nalivisha mpira mweusi, nalifungia chumani,
nazungusha vali.
Mia moja. Mia mbili. Mia nne.
Jiwe halilii. Mstari mwekundu unateremka kwenye skrini
kama mtu ashukaye ngazi gizani,
akipapasa kila kidato kwa unyayo.

Humu ndani mlikuwa na gesi,
na gesi haikuwa mpangaji tu:
ilijitutumua baina ya chembe na chembe,
ikabeba fungu lake la mlima.
Wakaitoboa, wakainyonya miaka thelathini.
Mji wa Pau ukachemsha supu, ukaoga maji moto,
na chembe zikaachiwa mzigo peke yao.
Zikasogeleana. Nyingine zikapasuka.
Kilima kikashuka kama kifua kinachoshusha pumzi,
na mlango wa ghala la mvinyo
ukaanza kugoma.

Marcelin, mumewe, alikuwa fundi wa bomba hukohuko.
Mlango ule alikataa kuuranda.
"Ardhi iliyoshuka itapanda," alisema,
na alipostaafu walimpa saa ya ukutani,
na saa ikaishi kuliko yeye.

Sasa bomba lilelile limegeuzwa.
Moshi wa kiwanda, uliochujwa,
uliobanwa hata ukasahau kwamba ni hewa,
unashushwa kule gesi ilikotoka.
Wakubwa zangu husema: tunarudisha.
Neno zuri.
Lakini nani amewahi kurudi
kwenye nyumba iliyoanguka dari
akaikuta na dari?

Naachia vali polepole.
Mstari unapanda, unapanda vizuri, unanitia moyo,
kisha, kabla ya pale ulipoanzia, unasimama.
Nangoja. Nakunywa kahawa iliyopoa. Nangoja tena.
Jiwe limerudi karibu.
Si pale pale.

Alhamisi nilipanda kilimani na karatasi zangu.
Ulikuwa Novemba, zabibu za mwisho zimenyauka mashinani
kama vidole vilivyokaa sana majini,
na Bi Graciane alikuwa akizikata kwa mkasi mdogo.
Nikamwambia: setilaiti imeona kilima kikipanda
milimita mbili.
"Na mlango?"
Mlango, nikasema, haujui milimita mbili.

Akauliza kama kitavuja.
Waliosema kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi
hawakubeba pakacha la namna hii.
Nikamweleza kifuniko cha udongo mgumu, unene wake;
nikamweleza hewa baridi ikigusa mwamba wa moto
na mwamba kujikunja kwa mshtuko;
na mipasuko ya kale, imelala huko
kama ndugu waliogombea shamba wakanyamaziana:
ukisukuma kwa pupa unawaamsha.
Kwa hiyo tunasukuma kidogo,
tunategea sikio, tunasukuma kidogo.
Sikumwambia kwamba usiku mwingine
naota mstari mwekundu unaendelea kushuka
na mimi nimeshaachia vali.

Alinisikiliza mpaka mwisho, ndoo mkononi.
Kisha akaenda jikoni,
akarudi na randa iliyoota kutu pembeni.
"Shika upande ule."

Tukaling'oa lile jani la mwaloni bawabani,
tukalilaza juu ya mapipa mawili,
tukaliranda kwa zamu.
Maranda yakajikunja miguuni, meupe,
yenye harufu ya miti ya kabla sijazaliwa.
Jua lilipozama nyuma ya Pirenei tulilirudisha.
Likafunguka, likikwaruza sakafu kidogo.

Akatangulia gizani bila kugeuka,
akatafuta swichi,
na kwa lugha yake akaniambia
karibu.